Jedwali la Funguo: Kutoka kwa Luhn Hadi Perl

Mnamo Januari 1953 Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliandika waraka uliopendekeza kwamba ufunguo, yaani neno linalotafutwa, ukokotolewe wenyewe upate kutaja mahali thamani yake ilipowekwa. Haja ya kupekua orodha nzima ikatoweka. Funguo zilizoangukia mahali pamoja alizifunga kwa mnyororo.

Larry Wall, aliyesomea isimu, alitoa lugha ya Perl mwaka 1987. Katika toleo la 5, la 1994, orodha ya jozi hugeuka jedwali kwa tamko moja. Hapo mtunga kamusi na ajihadhari: akiandika «paa» la nyumba, kisha «paa» mnyama, ufunguo ni mmoja, mnyama hubaki, nyumba hukosa paa, wala kompyuta haionyi. Toleo hilohilo, hata hivyo, liliruhusu thamani iwe orodha, maana zote zikae pamoja.