Elimu ya Miamba na Ardhi ya Kalemie

Kabla elimu ya miamba haijapata kiti katika chuo kikuu chochote cha Kongo, ardhi ya Kalemie, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, ilikwisha kuwa kitabu wazi kwa wenye kuitalii. Mwaka 1874 mpelelezi Mwingereza Cameron aliutambua Mto Lukuga kuwa ndio mlango wa kutokea maji ya Ziwa Tanganyika. Na baada ya mji wa Kalemie kuasisiwa kwa jina la Albertville, na reli ya kutoka Kabalo kuwasili ziwani mwaka 1915, makaa ya mawe yalichimbwa Greinerville, jirani na mji huo, katika tabaka za miamba za Lukuga ambazo chini yake mna masalio ya barafu iliyoifunika nchi hii yapata miaka milioni 300 iliyopita.

Lakini zama za ukoloni kalamu ilishikwa na Wabelgiji, na sululu ikashikwa na wenyeji. Chuo kikuu kilipoasisiwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, njia ya wenyeji kuisoma elimu hii ilianza kufunguka. Na kwa desturi iliyodumu miaka mingi, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya graduwa, yaani hatua ya kwanza ya chuo kikuu, kisha miaka 2 ya lisansi, hatua ya pili.

Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye kipimo cha 6.8, lililobomoa nyumba mjini Kalemie, lilidhihirisha kwamba elimu hii si ya kutafutia madini peke yake, bali ni hifadhi ya roho za watu. Kwa hiyo ni faradhi vijana wa Kalemie waisome ardhi yao wenyewe, na waiandike kwa mikono yao.