Mitutu ya bunduki iliyofichua siri ya marumaru

Mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 300 tangu azaliwe James Hutton wa Edinburgh, msomi wa udaktari aliyegeukia kilimo na kisha mawe. Atasifiwa sana, na anastahili. Lakini kwa upande wa marumaru sifa kubwa ni ya rafiki yake kijana, Sir James Hall wa Dunglass, na taarifa ya Hall ndiyo inayoongoza makala haya.

Mwaka 1785 Hutton alieleza kwamba mawe ya chokaa yalianza kama mabaki ya makombe na matumbawe chini ya bahari, yakagandishwa na joto la ardhini, na marumaru ni zao la joto hilohilo. Wapinzani wake walikuwa na jibu ambalo mchoma chokaa yeyote wa Lamu au Unguja angelielewa: choma jiwe la matumbawe tanuruni, utapata chokaa ya kupakia ukuta. Gesi iliyomo hutoka, jiwe likawa unga. Hutton alishikilia kuwa uzito wa bahari na miamba huizuia gesi hiyo isitoroke.

Hall alitaka kulithibitisha hilo kwa moto. Mzee hakupendezwa. Kwake, mtu aliyechungulia ndani ya chungu kidogo cha kuyeyushia hawezi kujidai anaijua kazi ya dunia nzima. Hall alimheshimu, akangoja. Hutton alifariki mwaka 1797, na mwaka uliofuata majaribio yakaanza.

Alishindilia unga wa chaki na wa mawe ya chokaa ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba, akaitia motoni. Mingine ilipasuka, mingine ikavujisha gesi. Alibadili vizibo, akajaribu mirija ya kauri, akaongeza maji kidogo ili mgandamizo upande, akaendelea hivyo miaka kadhaa. Mwishowe mtutu ulipofunguliwa, unga ulikuwa umeshikamana kuwa jiwe gumu lenye chembe zinazometameta. Mwaka 1805 aliwaambia wasomi wa Edinburgh kwamba uzito wa bahari yenye kina cha futi karibu 3,000, pamoja na joto la kutosha, unatosha kutengeneza marumaru kamili. Ni wachache katika historia ya sayansi waliojibu ubishi kwa subira kama hiyo.

Wanajiolojia wa baadaye walionyesha kwamba jiwe halina haja ya kuyeyuka. Chembe za kalisaiti hujipanga upya na kukua jiwe likiwa bado gumu, na makombe hufutika. Marumaru ya Carrara, Italia, ilipitia njia hiyo kutoka matope ya bahari ya miaka ipatayo milioni 200 iliyopita.

Kinachobaki ni uchafu wa zamani, na humo ndimo historia ilimoandikwa. Kwetu ushahidi ni mwingi. Marumaru za Uluguru na Mahenge ziliokwa mabara yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na tope la chokaa ulitoa alumini, na alumini hiyo ikazaa yakuti nyekundu. Palipokuwa na magnesi pia, ikatokea spineli, kito kilichoipatia Mahenge sifa duniani. Mabaki ya viumbe yaliacha kaboni, nayo ikawa kinywe, ile mistari ya kijivu tunayoikanyaga sakafuni.

Inasikitisha kwamba jiwe lenye kumbukumbu hizi tunalijua zaidi kama kokoto za terazo. Tunathamini kito, mwamba uliokizaa tunauponda. Makumbusho yetu na walimu wa jiografia wanaofundisha miamba geu kwa michoro ya ubaoni wachukue vipande vya marumaru vya Uluguru, Mahenge na Kajiado kule Kenya, wawape wanafunzi wavishike mkononi, na waeleze kila mstari ulitoka wapi.