Rubisi, kokeini na neno "jikaze"

Wadau, leo tuzungumze kuhusu maumivu. Dada yangu alipojifungua kwa upasuaji, ganzi ilipoisha usiku aliomba dawa. Akajibiwa neno moja tu: "Jikaze." Hapa Mwanza neno hilo unapewa hata bila cheti cha daktari! Ndipo nikaanza kuchimba historia.

Turudi mwaka 1879. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Kahura katika ufalme wa Bunyoro, mmisionari Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga wa jadi akimpasua tumbo mama wa miaka 20 hivi na kumtoa mtoto. Kabla ya kisu, mama alinyweshwa pombe ya ndizi, ndugu yake rubisi ya Bukoba, mpaka akalewa nusu. Pombe hiyohiyo ikaoshea tumbo na mikono ya mganga. Felkin anasema mama hakulia mpaka walipoanza kufunga kidonda kwa vijiti saba vyembamba vya chuma. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Mwaka huohuo, kule Vienna, daktari kijana Carl Koller alionyesha kwamba kokeini inatia jicho ganzi. Mwaka 1898 August Bier, mjini Kiel, akachoma ganzi kwenye uti wa mgongo.

Halafu mwaka 2001 daktari A. N. Rafi akaeleza njia ya kuchoma sindano ubavuni, hadi katikati ya tabaka za misuli ya tumbo, inakopita mishipa ya fahamu. Dawa ikimwagwa hapo, ukuta wa tumbo unakufa ganzi kwa saa kadhaa. Maumivu ya ndani, kama ya mji wa mimba unapojikaza, hayaishi, kwa hiyo dawa nyingine bado zinahitajika. Lakini mgonjwa anaweza kukohoa, kugeuka na kunyonyesha bila kusinziasinzia.

Siku hizi ultrasaundi huongoza sindano, ila Rafi alitafuta mahali pa kuchoma kwa vidole. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba hii ni anasa ya Ulaya.

Mganga wa Kahura alikuwa na pombe tu, na aliitoa kabla ya kisu, si baada ya kilio. Basi ndugu yako akipelekwa kupasuliwa, muulize mtaalamu wa usingizi mapema: ganzi ikiisha, mtampa nini? Akijibu "atajikaza", uliza tena.