Mkate wa ndizi: ulikotoka, na namna ya kuuoka kwa jiko la mkaa

Mkungu wa ndizi ukianza kuiva hausubiri mtu. Ndani ya siku chache vichana vyote vinageuka njano, kisha vinapata madoa meusi, na mnunuzi sokoni havitaki tena. Ndizi hizo ndizo zinazofaa zaidi kwa mkate wa ndizi, ambao unaliwa asubuhi kwa chai. Katika makala haya tunaeleza mapishi yake yalivyoanza na namna ya kuuoka nyumbani bila oveni.

Ulikotoka

Zamani mkate uliumuliwa kwa hamira, na hamira inataka joto na muda wa kusubiri. Mwaka 1843 mkemia wa Uingereza, Alfred Bird, alitengeneza beking pauda kwa sababu hamira ilikuwa inamdhuru mke wake. Beking pauda ikilowa na kupata joto hutoa gesi papo hapo, hivyo unga unaumuka ukiwa tayari motoni.

Mwishoni mwa karne hiyo ndizi zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani, zikiletwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, familia nyingi zilibana matumizi na hazikutaka kutupa chakula. Mwaka 1933 kampuni ya unga ya Pillsbury iliweka mkate wa ndizi katika kitabu chake cha mapishi. Tangu hapo kila nyumba imeongeza chake: karanga, mdalasini, maziwa. Mwaka 2020, watu walipokaa ndani kwa sababu ya korona, mkate huu ulivuma tena Marekani na Ulaya.

Na huku kwetu?

Afrika Mashariki tuna mapishi yetu ya ndizi mbivu. Uganda kuna kabalagala: ndizi ndogo tamu zinapondwa, zinachanganywa na unga wa muhogo, kisha zinakaangwa. Nako Pwani, mkate wa kumimina, unaotengenezwa kwa mchele na nazi, umeokwa miaka mingi kwa moto wa chini na juu. Njia hiyo ya Pwani ndiyo tutakayoitumia hapa.

Mahitaji

- Ndizi mbivu sana 3 kubwa, au 5 hadi 6 ndogo
- Unga wa ngano vikombe 2
- Sukari nusu kikombe
- Mayai 2
- Mafuta ya kula nusu kikombe
- Beking pauda vijiko vidogo 2
- Chumvi nusu kijiko kidogo
- Iliki iliyotwangwa, ukipenda

Namna ya kuoka

1. Washa mkaa mapema. Paka mafuta sufuria nzito, kisha nyunyiza unga kidogo ndani.
2. Ponda ndizi kwa uma. Ongeza sukari, mayai na mafuta, ukoroge.
3. Changanya unga, beking pauda, chumvi na iliki pembeni, kisha mimina kwenye ndizi. Koroga mpaka unga mkavu usionekane tena, uache hapo. Ukikoroga sana mkate utakuwa mgumu.
4. Mimina kwenye sufuria mara moja, kwa sababu beking pauda imeshaanza kazi. Usijaze zaidi ya nusu.
5. Funika kwa mfuniko wa bati. Acha makaa machache chini, weka mengi juu ya mfuniko. Moto mkali chini huunguza mkate kabla katikati hapajaiva.
6. Baada ya dakika 40 choma katikati kwa kijiti kisafi. Kikitoka na uji, ongeza dakika 10.

Okea nje au mahali penye hewa ya kutosha. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Unachoweza kubadilisha

Ndizi inavyoiva, wanga wake hugeuka sukari. Kwa hiyo ndizi zikiwa na madoa mengi meusi, sukari ya dukani inaweza kushuka hadi robo kikombe. Lakini mwenye ugonjwa wa kisukari asidhani mkate huu haumhusu, kwani utamu wa ndizi nao ni sukari.

Mayai yakiwa ghali, tumia yai 1 na maziwa robo kikombe. Mkate utakuwa mzito kidogo. Usiweke magadi ya kupikia maharage badala ya beking pauda. Si kitu kimoja, na yanaweza kuacha ladha ya sabuni.

Ganda jeusi si tatizo. Ndizi yenye ukungu au inayonuka pombe itupe, kwani kuoka hakutairudisha.

Kwa anayetaka kuuza, tunashauri uoke mmoja kwanza na uandike gharama zote: unga, mayai, mafuta, sukari na mkaa. Gawanya kwa idadi ya vipande. Hata kama ndizi ni za shambani kwako, zihesabu pia, maana nazo zina bei.

Mkate ukipoa, ufunike vizuri. Hukaa siku 2 hadi 3 mahali pakavu na baridi. Kwenye joto kali, uliwe mapema zaidi.