Nyumba za sinema za Lubumbashi: mlango uliofungwa, mlango uliosahauliwa

Katika mji wetu kuna maneno mawili ambayo kila mutoto anayajua mbele ya kujua kusoma: ku ville na ku cité. Mtu akisema «ninaenda ku ville», hasemi tu kwamba anaenda kununua kitu ao kutafuta karatasi ku biro. Anasema pia, bila kufikiri, historia ya Lubumbashi. Katika kurasa hizi tunazungumza juu ya nyumba moja iliyosimama kati ya maneno hayo mawili: nyumba ya sinema, ile wazee waliita tu «siné».

Wengine watauliza: katika kitabu cha desturi, pamoja na ngoma, ndoa na matanga, sinema inatafuta nini? Si kintu cha wazungu? Jibu letu ni hili. Desturi ya kijiji ilitoka kwa mababu. Desturi ya mji, watu wa mji waliitengeneza wenyewe, kwa vile walivyovikuta. Kuvaa nguo safi, kupanga mustari, kulipa tiketi, kukaa katika giza pamoja na mtu usiyemjua kabila lake na kucheka naye kwa kitu kimoja: hiyo nayo ni desturi. Na ilikuwa na nyumba yake.

1. Mji uliokatwa mara mbili

Elisabethville ilianza mwaka 1910, mwaka ule njia ya reli ilifika kutoka kusini. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imekwisha kuundwa tangu 1906, na ilihitaji mikono. Watu walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi, na vijiji vya Katanga yenyewe. Kiswahili kikawa lugha ya kukutana.

Lakini wale waliochora mji hawakutaka watu wakutane kupita kiasi. Walitenga mji wa wazungu upande mmoja, cité ya waafrika upande mwingine, na katikati wakaacha uwanja mtupu walioita zone neutre. Cité ya zamani iliitwa Albert. Leo njo Kamalondo. Nyuma zikaja Kenya, Katuba, Ruashi. Usiku, mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea ku ville bila karatasi mkononi. Sasa, msomaji, fikiri kidogo: sinema ni mchezo wa usiku. Hata bila sheria yoyote ya sinema, saa peke yake ilitosha kumfukuza mtu.

Na sheria ilikuwako. Tangu miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliweka kamati za kukagua filimu, na waafrika hawakuruhusiwa kuingia kutazama filimu ambazo hazikukubaliwa kwa ajili yao. Mwasia aliweza kuingia pamoja na mzungu. Mwenye inchi alibaki inje. Sababu haikufichwa sana. Waliogopa kwamba mwafrika akiona mzungu anaiba benki, anapigwa ngumi ao anakimbia kwa woga, heshima itapungua. Boyi aliyepiga pasi shati la bwana wake kwa ajili ya siné ya jioni hakuweza kuona kile shati lilienda kuona.

Tusifikiri kwamba ilikuwa hivyo kila mahali penye Kiswahili. Kule Unguja, watu wa rangi zote walikata tiketi na kuingia katika jumba moja tangu zamani. Tofauti ilikuwa hasa bei ya kiti. Royal ilifunguliwa pale mwaka 1921, ikaungua 1953, na Majestic ikajengwa mahali pake. Njo maana mzee wa Unguja akikumbuka sinema ya utoto wake, anakumbuka jumba. Mzee wa kwetu anakumbuka kwanza anga.

2. Sinema chini ya nyota

Ndiyo, anga. Kwa sababu filimu zilifika ku cité na ku kambi ya Union Minière kwa njia ingine. Motokari ilikuja mangaribi. Walifunga kitambaa cheupe kati ya miti miwili ao ku ukuta, mashini ikaanza kulia, na watoto wakajaa mbele wakikaa chini ku vumbi. Hakukuwa na tiketi. Kampuni na wamisionari walijua wanachotaka: mfanyakazi apumzike vizuri, asinywe sana, anawe mikono, kesho awahi kazini. Filimu nyingi zilikuwa za mafundisho: usafi, malaria, kazi, safari ya mfalme.

Zilikuwako pia za kuchekesha. Wengi wanakumbuka Matamata na Pilipili, filimu za miaka ya 1950 zilizotengenezwa Kasai na Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut. Mmoja munene, mwingine mwembamba. Kila mara matata, kila mara fundisho mwishoni. Watu walichukua kicheko, na fundisho wakaliacha pale walipolikuta.

Mtu mkubwa wa jioni ile hakuwa mwenye mashini. Alikuwa mwenye kueleza. Filimu ilisema Kifaransa, ao haikusema kitu. Yeye alisimama pembeni na kuisemesha Kiswahili. Alitafsiri, aliongeza, alionya, alitania. Kama mzungu ku kitambaa alifungua mdomo kwa muda murefu, yeye alisema neno moja na watu wakaanguka kwa kicheko. Kazi yake aliwekwa ili watu waelewe sawa vile wakubwa walivyotaka. Lakini nani angemfuata neno kwa neno? Hatusemi kwamba tamthilia ya Kiswahili ya mji huu, ile ya kikundi cha Mufwankolo iliyojulikana ku radio na ku televizio, ilizaliwa pale. Tunasema tu kwamba masikio ya mji yalikuwa yamekwisha kuzoea kusikia Kiswahili kikicheza mbele ya watu wengi.

Filimu za kauboi nazo zilipita. Ng'ambo ya mpaka, ku miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, watazamaji walimwita kila shujaa wa kauboi jina moja: Jack. Kule Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa na kutembea sawa yeye. Wakubwa waliogopa filimu itaharibu heshima ya mzungu. Vijana walitafuta mambo mengine kabisa: kofia, mwendo, namna ya kusimama bila kuogopa.

3. Namna ya kusoma jengo

Mwisho wa miaka ya 1950 milango ilianza kufunguka, na kisha 1960 hapakuwa tena na sheria ya kumzuia mtu kwa rangi yake. Lubumbashi ilipopata jina lake la leo, mwaka 1966, mtu wa Kamalondo aliweza kupita ule uwanja mtupu, kukata tiketi Ciné Palace, na kukaa pale alipotaka. Kwa kizazi kile, kuingia mlango wa siné ya ville haikuwa starehe tu. Ilikuwa kuona kwa macho ni nini kilikuwa kinafichwa. Wengine walikuta viti, giza na hadithi ya mapenzi. Basi ni hiyo tu?

Jengo la sinema la zamani linajulikana hata kama ubao wa jina umetoka. Tazama ukuta: ni murefu na hauna madirisha, kwa kuwa mwanga ni adui. Mbele kuna baraza yenye paa ya kutoka inje, ili wenye kupanga mustari wasinyeshewe, na mahali pa kubandika matangazo. Ndani, sakafu inatelemka pole pole kuelekea mbele, ili kichwa cha mtu kisifunike macho ya mwenzake. Hakuna nguzo katikati. Milango ya kutokea ni mingi. Na nyuma, juu, utaona vidirisha vidogo vya mraba: hapo njo chumba cha mashini. Chumba kile kilijengwa kwa nguvu sana, kwa sababu filimu za zamani, mpaka karibu 1950, zilikuwa za nitrate, kitu kinachoshika moto haraka. Mashini zilikuwa mbili: moja ikimaliza rola yake, ingine inashika, na mtazamaji asijue. Akijua, anapiga miluzi.

4. Namna gani zilinyamaza

Miaka ya kwanza ya 1970 ilikuwa ya karate. Filimu za Bruce Lee zilijaza sale, na kesho yake kila kiwanja cha kartié kilikuwa na mabingwa. Lakini mwezi wa kumi na moja 1973 ilikuja zaïrianisation: maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zilipewa wananchi wenye ukaribu na serikali. Biashara nyingi zilianguka mikononi mwa watu wasiozijua. Kisha bei ya shaba ikaporomoka, na sinema inaishi kwa filimu za inje, zinazolipwa kwa pesa ya inje. Filimu mpya zikapungua, zile zile zikarudi na mikwaruzo.

Video ikaja na kumaliza kazi. Mtu mmoja mwenye televizio na mashini ya kaseti aliweza kufungua siné ndani ya nyumba ya kawaida ku cité. Mwaka 1991 pillage ilipita mjini. Mwaka 2003 Gécamines iliaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ile «départ volontaire». Na mshahara wa Gécamines njo ulilipa tiketi nyingi katika mji huu.

Ku miji mingi ya Kongo, sale za sinema zikawa makanisa. Tusishangae. Sale kubwa bila nguzo, viti vinavyotazama mbele, sauti inayofika mpaka nyuma: mchungaji anahitaji nini zaidi? Zingine zikawa depo na maduka. Hata théâtre ya mji, iliyochorwa na Claude Strebelle miaka ya 1950, ilibadilisha kazi: chini ya jina la Bâtiment du 30 Juin, ikawa nyumba ya wabunge wa jimbo. Hili ni funzo moja: jengo linalotumiwa halianguki. Kinachoanguka ni kumbukumbu ya kazi yake ya kwanza.

5. Tulinde mlango uliotufungia?

Hapa tunafika ku swali gumu. Kijana mmoja anaweza kusema: «Nyumba zile zilijengwa kwa kufukuza baba zetu. Acha zibomolewe.» Hasira hiyo ina haki. Sisi pia hatutaki kuzipamba kwa maneno matamu ya zamani. Lakini tukibomoa ukuta ule usio na madirisha, tutamwonyesha nini mutoto wa kesho tukimweleza kwamba mji ulikatwa mara mbili? Atasema ni hadithi ya bazee. Jengo ni shahidi, na shahidi hauawi kwa sababu alisimama upande mbaya, anaulizwa.

Na mashahidi wa pili ni watu. Mji huu umezoea kujiandikia historia. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville kwa upande wa maboyi. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi nzima, picha kwa picha. Tangu 2008, biennale ya Picha imeonyesha mji kwa macho ya watoto wake. Na mwaka 2023 Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata zawadi kule Cannes kwa filimu yake Augure. Mjukuu wa wale waliokaa ku vumbi sasa njo anatengeneza filimu, na wazungu njo wanakaa gizani kutazama.

Basi ombi letu si kubwa. Hatuombi serikali pesa. Jioni moja, keti na mzee wa nyumba yako, umuulize: Siné yenu iliitwa namna gani? Ilikuwa wapi? Mulilipa ngapi? Nani alikuwa anaeleza filimu? Siku ya kwanza uliingia ku ville, ulikaa kiti gani? Andika majibu kwa Kiswahili chake yeye, usikitengeneze. Kisha, siku ukipita ku ville, zunguka nyuma ya jengo na utafute vile vidirisha vidogo vya juu. Ukivikuta, mwaka kesho mulete huyo mzee pale, mbele miguu yake ikatae.