Video za kamera na programu za kuhariri: Kwa nini faili nyingine hukataa kufunguka

MPIGA video wa soko la Naitiri, Kaunti ya Bungoma, hutegemea hafla zisizorudiwa: harusi, mazishi, nyimbo za kwaya na, kila Agosti ya mwaka wa nambari shufwa, tohara ya vijana wa jamii ya Wabukusu. Kijana akirudi kutoka mtoni alfajiri akiwa amepakwa tope, hakuna awezaye kumwomba arudi tena majini kwa sababu faili ya video imekataa kufunguka katika tarakilishi.

Tatizo hilo huwakabili wengi wanaopiga picha vijijini na kupeleka kazi kuhaririwa mjini, iwe Kitale au Bungoma. Kamera huonyesha picha vizuri kwenye kioo chake. Hata simu huicheza bila taabu. Lakini ikifikishwa katika programu ya kitaalamu kama vile Adobe Premiere Pro, DaVinci Resolve au Final Cut Pro, hutoka sauti bila picha, au picha hukwamakwama, au programu husema kwamba haiitambui faili hiyo. Mara nyingi lawama hutupiwa kadi ya kumbukumbu au virusi, ilhali huenda kadi ni nzima na faili ni safi.

Gunia na kilichomo

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba jina la mwisho la faili, kama MP4, MOV, AVI au MTS, halielezi kila kitu. Jina hilo ni la gunia tu. Magunia mawili yanayofanana yaweza kuwa na mahindi katika moja na maharagwe katika jingine, na anayetazama nje hawezi kujua mpaka ayafungue.

Kilichomo ndani ya gunia la video ni picha na sauti zilizobanwa kwa kanuni maalumu iitwayo kodeki. Kodeki iliyoenea zaidi ni H.264, ambayo ilikamilishwa mwaka 2003. Iliyoifuata, H.265 au HEVC, ilitoka mwaka 2013, na iliundwa ili ubora ule ule utoshe katika takriban nusu ya nafasi. Simu za iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC mwaka 2017. Zote mbili zaweza kukaa katika gunia la MP4 au MOV, na hapo ndipo mkanganyiko huzuka: programu inalijua gunia, lakini haina ufunguo wa kilichomo.

Ufunguo huo huwa na gharama, kwa kuwa kodeki hizi zinalindwa kwa hataza. Ndiyo sababu toleo la bure la programu laweza kushindwa kusoma faili ambayo toleo la kulipia huisoma, na tarakilishi nyingi za Windows huhitaji kiongezi cha HEVC kinachouzwa kando. Kubadilisha jina la faili kutoka MTS hadi MP4 hakusaidii; ni kuandika jina jipya juu ya gunia lile lile.

Kwa nini tarakilishi hulemewa

Kuna faili zinazofunguka lakini zikaenda kwa kigugumizi. Sababu ni namna H.264 na H.265 zinavyobana picha. Badala ya kuhifadhi kila picha nzima, kodeki huhifadhi picha nzima moja baada ya muda fulani, kisha huandika mabadiliko pekee. Ni sawa na mwenye duka anayehesabu bidhaa zote Jumatatu, halafu kwa siku nyingine akaandika kilichoingia na kilichotoka tu. Daftari huwa jembamba, lakini anayetaka kujua hali ya Alhamisi lazima apige hesabu tangu Jumatatu.

Mhariri naye hurukaruka kila mara kutoka sehemu moja ya video hadi nyingine, na tarakilishi hulazimika kupiga hesabu hiyo upya kila anaporuka. Kodeki zilizotengenezewa uhariri, kama vile ProRes ya kampuni ya Apple iliyotoka mwaka 2007 na DNxHR ya kampuni ya Avid, huhifadhi kila picha kivyake. Zina uzito mkubwa: saa moja ya ProRes 422, yenye picha za kiwango cha 1080 na 25 kwa sekunde, huchukua takriban gigabaiti 55. Hata hivyo, tarakilishi ya kawaida huzishughulikia kwa wepesi.

Rangi pia huongeza mzigo. Kamera ya biti 8 hupima kila rangi ya msingi kwa viwango 256, ya biti 10 kwa viwango 1,024. Kamera nyingi mpya hurekodi kwa biti 10 na kuhifadhi maelezo zaidi ya rangi kwa mfumo uitwao 4:2:2. Si kila chipu inayoweza kufungua picha za aina hiyo kwa haraka. Chipu nyingi za Intel tangu kizazi cha 11 husaidia kufungua H.265 ya 4:2:2, ilhali kadi za picha za Nvidia zilipata uwezo huo katika kundi la RTX 50 lililotoka mwaka 2025. Mtu aweza basi kuwa na tarakilishi ya bei ghali na bado ikamshinda.

Hesabu ya picha kwa sekunde

Umeme wa Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na televisheni yake ilijengwa juu ya mfumo wa PAL wa picha 25 kwa sekunde. Matangazo ya analogia yalizimwa mwaka 2015, lakini hesabu hiyo ya 25 na 50 haikuondoka. Kamera iliyonunuliwa Marekani au Japani mara nyingi huwa imewekwa katika mfumo wa NTSC, wenye picha 29.97 au 59.94 kwa sekunde.

Kamera mbili za namna hii zikipiga harusi moja, mwendo katika mojawapo utaruka zinapounganishwa. Tena, katika ukumbi wenye taa za umeme, picha yaweza kumetameta. Dawa ni kuziweka kamera zote katika picha 25 au 50 kwa sekunde, na kasi ya shata katika 1/50 au 1/100. Baadhi ya kamera huruhusu badiliko hilo katika menyu yake. Nyingine haziruhusu, na ni vyema kuuliza kabla ya kununua.

Simu za mkononi zina kasoro yake. Nyingi hazishiki hesabu moja, bali huongeza na kupunguza idadi ya picha kulingana na mwangaza na mzigo wa chipu. Katika hotuba ndefu ya mazishi, programu ya kuhariri yaweza kuiacha sauti itengane na midomo. Programu ya bure ya HandBrake huweza kuigeuza faili hiyo iwe na hesabu isiyobadilika kabla ya uhariri.

Mikanda na faili za zamani

Kanda za DV, zilizoingia sokoni mwaka 1995, zilirekodi harusi nyingi kabla ya kadi kuenea. Mfumo wa AVCHD wa Sony na Panasonic ulifuata mwaka 2006. Katika kamera nyingi za AVCHD, rekodi ndefu hukatwa vipande kila inapofikia ukubwa fulani. Anayenakili kipande kimoja kimoja huenda akapoteza sehemu ndogo ya sauti kwenye maungio. Inafaa kunakili folda yote ya kadi jinsi ilivyo, bila kuchagua.

Programu nazo husahau. Mwaka 2018 Adobe iliacha kusoma kodeki kadhaa za enzi ya QuickTime 7, na Apple ikafanya hivyo katika macOS Catalina ya mwaka 2019. Faili iliyokuwa nzima mwaka 2005 yaweza kukataliwa leo ingawa haijaharibika. Aliye na kazi za miaka hiyo anashauriwa azigeuze mapema, wakati vifaa vya kuzisoma bado vinapatikana.

Hatua za kufuata

Kwanza, kamera ijaribiwe siku kadhaa kabla ya hafla. Rekodi ya dakika mbili ipelekwe hadi kwenye tarakilishi itakayotumika, ihaririwe na itolewe. Pili, programu ya bure ya MediaInfo itumiwe kusoma kilicho ndani ya faili: kodeki, biti, mfumo wa rangi na hesabu ya picha.

Tatu, ikiwa tarakilishi ni dhaifu, kamera iwekwe katika H.264 ya biti 8, ambayo programu nyingi huisoma. Faili nzito zilizokwisha kurekodiwa zaweza kutengenezewa nakala nyepesi za kuhariria. Programu hurudia zile halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Ikumbukwe kuwa kugeuza faili hakuongezi ubora ambao kamera haikuunasa.

Nne, faili asili zisifutwe kwa sababu tu kazi imekamilika. Filamu ya Uganda "Who Killed Captain Alex?", iliyotengenezwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, ilipata umaarufu duniani baada ya nakala yake halisi kufutwa ili kutoa nafasi ya kazi nyingine. Iliyosalia ni nakala ya DVD yenye maelezo ya mtangazaji juu ya sauti ya waigizaji.

Kwa familia iliyolipia picha za tohara au za buriani ya mzee wao, faili hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe. Jaribio la dakika mbili kabla ya siku hiyo lina gharama ndogo kuliko kuwaeleza wenyewe kwamba hakuna kilichobaki.