Somo la Historia: Kumtafuta Babu Asiyejulikana

Wanafunzi wa kisomo cha watu wazima, wekeni daftari na kalamu karibu, maana leo mtaandika.

Mara nyingi tunasoma historia ya wafalme na vita. Leo tutasoma historia ya nyumbani kwako. Labda uliambiwa ukiwa mtoto, "Babu yako alikuwa Mzungu kutoka Ireland," kisha mazungumzo yakaishia hapo. Jina hukupewa. Je, mtu kama huyo aweza kutafutwa? Ndiyo, aweza. Lakini kazi hii ina utaratibu wake.

Tuanzie hapa hapa Dar es Salaam. Ukitoka kwenye feri ya Magogoni, ukapita Ikulu na kuifuata bahari, utakuta barabara iitwayo Barack Obama. Zamani iliitwa Ocean Road. Ilipewa jina jipya mwezi wa Julai, 2013, Rais huyo wa Marekani alipoitembelea Tanzania.

Baba yake Obama alikuwa Mjaluo wa Kogelo, nchini Kenya. Mama yake, Ann Dunham, alikuwa Mmarekani. Na katika ukoo wa mama huyo alikuwamo mtu wa Ireland ambaye habari za kwao zilikuwa zimepotea. Tazameni jinsi alivyopatikana.

Watafiti hawakuanzia Ireland. Walianza na mtu anayejulikana, wakarudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Ann alizaliwa na Stanley. Stanley alizaliwa na Ralph. Mama yake Ralph aliitwa Mary Ann. Na baba yake Mary Ann aliitwa Falmouth Kearney. Basi kwa Falmouth, Ralph ni mjukuu, Stanley ni kitukuu, na Ann ni kilembwe. Falmouth alifika Marekani kwa meli mwaka 1850, angali kijana, wakati njaa kuu ilipokuwa ikiwatoa watu wengi katika nchi ya Ireland.

Mwaka 2007 mtafiti wa koo, Megan Smolenyak, alimwomba padre wa Kianglikana huko Ireland, Stephen Neill, atazame vitabu vya kale vya parokia yake. Padre akaliona humo jina la ukoo wa Kearney. Baba yake Falmouth alikuwa fundi viatu katika kijiji cha Moneygall. Mwezi wa Mei, 2011, Obama alikwenda kukiona kijiji hicho kwa macho yake.

Ilikuwa bahati vitabu hivyo kuwapo. Mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu ya mji wa Dublin iliungua, na vitabu vingi vya makanisa vikateketea. Vilivyopona ni vile ambavyo havikuwamo mle.

Sasa tugeukie upande wa baba. Huko Kogelo hakukuwa na kitabu cha kanisa cha kufunguliwa. Obama alipokwenda katika miaka ya 1980, bibi yake Sarah aliketi akamsimulia ukoo kwa Kijaluo, naye dada yake, Auma, akawa mkalimani. Bibi aliwataja mababa wa kale mmoja baada ya mwingine. Karatasi nayo ilikuwapo, lakini ya namna nyingine. Kilikuwa kitabu kidogo cha kazi cha babu yake, Onyango, aliyekuwa mtumishi wa Wazungu. Kiliandika kimo chake, alama za mwili wake, na maneno ya mabwana waliomwajiri. Mambo ya moyoni mwake aliyajua bibi.

Fikirini jambo hili. Mgeni mmoja alipatikana kwa karatasi, mwenyeji mwingine kwa mdomo wa mzee. Atakaye ukoo wake kamili hutumia vyote viwili. Na tazameni pia ule uzi wa Ireland: ulipita kwa mwanamke, Mary Ann. Kama jina lake lingeachwa, uzi ungekatika. Huko Kogelo, majina ya mababa yalihifadhiwa, lakini majina mengi ya mama zao yalisahauliwa.

Basi wewe unayekaa Kariakoo au Magogoni, fanya hivi.

Kwanza, nenda kwa wazee wakiwa hai. Usimwulize bibi kama karani wa mahakama. Labda alinyamaza miaka yote kwa sababu ya aibu au uchungu. Keti naye, msikilize, na asilotaka kusema leo usimlazimishe.

Pili, andika jina kama anavyolitamka. Akisema "Bwana Okona," andika hivyo hivyo. Huenda katika karatasi aliandikwa O'Connor.

Tatu, tafuta karatasi za nyumbani: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, barua za kazi. Geuza picha utazame nyuma yake.

Nne, uliza kanisani, uliza RITA penye habari za vizazi na vifo, na uliza katika Kumbukumbu za Taifa. Usishangae ukiona babu wa Ireland ameandikwa kuwa ni Mwingereza, maana kabla ya 1922 Ireland yote ilikuwa chini ya Uingereza. Ukishalijua jina, hesabu za watu za Ireland za mwaka 1901 na 1911 zimehifadhiwa, na kuzitazama hakuna malipo.

Huenda ukampata, huenda usimpate. Lakini safari hii itakupitisha kwa bibi aliyebaki, akamlea mtoto, na ambaye pengine jina lake halimo katika kitabu cho chote. Huyo si babu asiyejulikana. Huyo unamjua, nawe sasa unajua kuandika.

Kazi ya nyumbani: andika jina la mama yako, jina la mama yake, na jina la mama wa huyo. Pale kalamu itakaposimama, inuka uende ukaulize.

Kwaherini, hadi somo lijalo.